Maria wa Ganda la Chaza

Picha yenyewe haikuwa kubwa. Ungeweza kuibeba kwapani ukapanda nayo treni, na ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Lakini ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, kwa sababu haikuchorwa kwenye kitambaa bali kwenye ubao, na juu ya ubao kulipachikwa vipande vya ganda la chaza, ule upande wake wa ndani unaong'aa, vimekatwa vyembamba kama ukucha. Juu ya vipande hivyo mchoraji alipaka rangi nyepesi mno, halafu vanishi ya manjano, ili mwanga upenye rangi, ugonge ganda, urudi kwa anayetazama. Maria amesimama juu ya mwezi, mikono kifuani. Uso na mikono ni rangi tupu. Ganda liko kwenye vazi lake, kwenye mawingu, na kwenye maua yaliyozunguka ukingoni. Ukisimama hapa vazi ni la waridi. Ukisogea hatua moja ni la kijani, na ukirudi si waridi ile uliyoiacha.

Mimi si mtu wa maono. Naenda kanisani kwa sababu nilizaliwa nikienda, na mahubiri marefu yananitia usingizi kama watu wengine. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani nimetunga habari ya muujiza.

Picha tulipewa na bibi mmoja wa Meksiko, muumini mwenzetu hapa Merrylands, kitongoji cha ughaibuni tunakoishi. Mumewe alipofariki, kwaya yetu ya Kiswahili ilikwenda kuimba mazishini, maana watoto wake walikuwa mbali na kanisa lilikuwa tupu. Baada ya miezi michache alifunga nyumba ili ahamie kwa binti yake Perth, akatuletea picha imefungwa kwa shuka. Alisema bibi ya bibi yake aliisalia. Alisema picha za namna ile zilianza kwao wakati Wahispania wanatawala, meli zao zilipokuwa zikileta kutoka Manila masanduku ya Asia yaliyopambwa kwa ganda, na mafundi wa Meksiko wakatazama, wakajifunza, wakawavika watakatifu ganda hilo. Kama yetu ilikuwa ya enzi hizo au ya mtu aliyeiga baadaye, hakujua. Sisi pia hatukuuliza sana.

Sisi, maana yake jumuiya. Ni familia tisa za Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili: Watanzania wachache, Wakongo, na Warundi ambao wengi walikulia kwenye kambi za Kigoma. Kama ilivyo nyumbani, jumuiya haina jengo, inahama nyumba hadi nyumba. Tuliamua Maria naye ahame. Anakaa mwezi mzima kwa kila familia, na Jumamosi ya mwisho anabebwa kupelekwa kwa familia inayofuata, wote tunakutana huko, tunasali rozari, tunakula. Kila mtu alimdai kuwa wa kwao. Baba mmoja wa Lubumbashi aliapa kwamba pua ile ni ya shangazi yake.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa afya ya picha, kwa sababu kazi yangu ni fremu. Nafanya kazi kwenye karakana ndogo Auburn, tunakata mbao, tunaweka vioo, tunawatengenezea watu picha za harusi na aya za Kurani. Bosi wangu ni mzee wa Kituruki ambaye baba yake alikuwa fundi wa kupachika ganda kwenye masanduku na viti vya misikitini. Nilipompelekea Maria ili tumbadilishie fremu iliyoliwa na wadudu, mzee aliweka chini chai yake, akavaa miwani, akampeleka dirishani. Alimgeuza taratibu kushoto na kulia, dakika nyingi. Kwake yeye Maria ni Mariamu, na picha zake hazitundikwi, lakini mkono wa fundi aliutambua.

"Kitambaa kikavu," aliniambia. "Kikavu tu. Maji, hapana. Sabuni, hapana. Siki na limau, bora umpige nyundo."

Nikatangaza hivyo kwenye jumuiya. Nilisimama katikati ya sebule ya watu nikasema kitambaa kikavu, wakaitikia, na kila aliyempokea nikamrudia kwa simu. Nilimwambia kila mtu isipokuwa Mama yangu. Siku ya tangazo alikuwa na mafua, alibaki nyumbani. Baadaye sikuona haja. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na mimi kwa akili yangu nilijua kwamba kipofu hasafishi picha.

Mama alikuja kuishi nami baada ya Baba kufariki. Ana ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kabla hajaondoka Morogoro, na daktari wa hapa alisema lisiwekewe dawa tena, haina faida. La kulia lilibakiwa na kitundu cha mwanga, alikuwa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo lenye ukungu, na kitu kisichometameta hakukipata. Kila asubuhi na jioni nilimtia tone moja la dawa kwenye jicho hilo. Daktari alitueleza waziwazi: dawa haitarudisha kitu, itazuia tu kilichobaki kisiondoke. Ukiacha, kitaondoka, na hakirudi.

Zamu yetu ilifika mwishoni mwa Julai. Nilimleta Maria, nikamweka juu ya kabati la droo, nikatandika kanga chini yake, nikarudi jikoni kukata vitunguu. Nyumba yetu iko ghorofa ya pili na dirisha la sebule linatazama magharibi, kwenye reli iliyoinuliwa juu ya tuta. Wakati wa baridi jua linashuka mapema na linaingia ndani kabisa, linavuka zulia, linapanda ukutani. Mama alikuwa kwenye kiti chake na rozari yake.

"Nani amewasha taa?" aliuliza.

"Hakuna aliyewasha taa, Mama."

"Pale. Ile inayotembea."

Nilitoka na kisu mkononi. Alikuwa anapeleka kichwa kushoto, anakirudisha kulia, polepole, na kila akikipeleka anacheka.

"Hiyo ndiyo picha yenu?"

"Ndiyo."

"Basi naiona," akasema. "Sura siioni. Lakini nguo yake naiona."

Miaka miwili Mama hakuwa ameniambia neno naona. Niliketi sakafuni, vitunguu vikiendelea kunitoa machozi kwa hiyo hata sikuhitaji kuyaficha.

Wiki zile mbili na ushei nazikumbuka kama usingizi wa mchana. Nilikuwa nikitoka kazini saa tisa, nabadilisha treni Granville, napanda ngazi, nafungua mlango taratibu, na kutoka kwenye kiti Mama ananinyamazisha, "Shh, ndio kwanza anaanza." Navua viatu. Jua linafika kwanza kwenye mguu wa kabati, halafu kwenye kanga, halafu kwenye mwezi aliokanyaga Maria, na hapo Mama anashusha pumzi. Hatukuwa tunazungumza sana. Treni zilipita mbele ya dirisha, kivuli cha kila behewa kinafuta mwanga na kuurudisha, vazi linazima na kuwaka, linazima na kuwaka, na Mama anahesabu kwa vidole mabehewa ambayo hakuyaona. "Leo kavaa kijani," anasema. "Leo amejaa samaki." Siku nyingine alisema amemwona akipumua, nami nikamwambia ni wewe unayepumua, Mama, akasema basi tunapumua pamoja.

Nami nilizama, nakiri. Nilikuwa nikifikiria mtu aliyezamia chaza hizo, mahali ambapo sikuwahi kufika, na mwingine aliyekaa na tupa analainisha kipande hadi kinapitisha mwanga. Watu waliotawaliwa, walioambiwa pigeni magoti, kama alivyoambiwa babu yangu na mapadri wa misheni. Parokiani kwetu Maria alikuwa wa plasta, macho ya buluu, pua imebanduka, na mimi utotoni nilikuwa nikimwogopa. Huyu wa ganda hakunitisha. Nilihisi kwamba aliyemtengeneza alipewa amri ya kuchora na akaitii, lakini lile la kuchezesha mwanga alilifanya kwa raha yake mwenyewe. Wakati mwingine nilishtuka jua limekwisha na sisi bado tumekaa gizani kila mtu na mawazo yake.

Mama alianza hata kujipima. "Daktari ana mashine yake," alisema, "mimi nina huyu. Siku nikiacha kumwona nitajua jicho limeondoka." Nilicheka. Nilimtia tone lake na akakaa kimya kama mtoto mwema.

Katikati ya Agosti huwa kuna sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Nyumbani, zaidi ya miaka thelathini, Mama alikuwa miongoni mwa akina mama wanaosafisha altare. Mkesha wa sikukuu hiyo walikuwa wanatoa vinara vyote vya shaba, msalaba, chetezo, wanakaa nyuma ya kanisa na ndoo ya malimau na bakuli la majivu, wanasugua hadi mikono inababuka. Alijivunia kazi ile kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Padri mmoja aliwahi kumwambia kwamba kwenye kinara alichokisugua yeye mtu anaweza kunyolea ndevu, na maneno hayo nimeyasikia labda mara mia.

Siku ya mkesha nilipokuwa napanda ngazi nilisikia harufu ya limau. Sikuwaza kitu. Jirani wa chini ana mti unaozaa hadi anatupa, na kila wiki anatuwekea mfuko mlangoni.

Mama alikuwa amejifunga kanga kifuani, mikono ya sweta ameipandisha hadi kwenye viwiko. Mezani kulikuwa na maganda ya limau yaliyokamuliwa na sahani ya chumvi. Majivu hakuyapata, akatumia chumvi. Alikuwa amemsugua Maria, amemsuuza kwa maji ya vuguvugu, amemkausha, amemrudisha juu ya kabati, yote hayo kwa kupapasa, bila kumwangusha.

"Kesho sikukuu yake," aliniambia. "Hawezi kukutwa na vumbi. Kulikuwa na uchafu wa manjano umegandamana, nilisikia kwa vidole. Njoo umwone. Anang'aa?"

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Ule uchafu wa manjano ilikuwa vanishi. Uso umepauka. Na vazi, kipande kwa kipande, lilikuwa limegeuka jeupe la chaki, kama meno ya mtu aliyetoka kunywa dawa ya tumbo. Hakuna waridi, hakuna kijani. Nilisogea hatua moja, nikarudi. Hakuna kitu.

"Anang'aa, Mama," nikasema.

Uongo ule ulinitoka kabla sijauita. Kusema kweli nilikuwa na hasira, nilitaka kupiga kelele hadi jirani asikie na malimau yake. Lakini alikuwa amesimama pale mikono imebabuka, anatabasamu kuelekea mahali nilipokuwa, na sikuweza.

Kesho yake, baada ya misa, alikaa kwenye kiti chake mapema. Nilikaa naye. Jua likaja kama kawaida, likavuka zulia, likapanda. Mama akapeleka kichwa kushoto. Akakirudisha kulia. Akafanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Jua limetoka?"

"Kuna mawingu leo," nikasema.

Mama akaacha kupeleka kichwa. Halafu akaweka viganja vyote viwili juu ya mapaja yake.

"Magoti yangu yana joto," akasema. "Jua lipo. Basi ni mimi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini ningesemaje? Kwamba kitu pekee anachokiona duniani amekiharibu kwa mikono yake, kwa kazi ile ile anayojivunia? Na kwamba kila mtu aliijua sheria ya kitambaa kikavu isipokuwa yeye, kwa sababu mtoto wake hakumhesabu kuwa mtu anayeweza kusafisha kitu? Hiyo ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo, hebu niseme ukweli. Aibu yake niliihofia, yangu niliihofia zaidi.

Nilimfunga Maria kwa taulo nikampeleka kazini, Mama nikamwambia fremu imelegea. Bosi alimchukua hadi dirishani, akalamba kidole, akagusa ukingo wa vazi. Pale palipolowa, kwa nukta moja, rangi ilirudi, kisha ikakauka ikapotea.

"Limau," akasema.

"Limau."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Nani kafanya?"

"Mimi," nikasema.

 Nadhani hakuniamini. Alinieleza kwamba ganda likishaliwa na asidi halirudi, na rangi iliyokuwa juu yake imekwenda na maji. Angeweza kulisugua upya na kulipaka upya, lakini basi ingekuwa kazi ya mzee mmoja wa Auburn, si picha ile tena. Akanirudishia mikononi taratibu, kama unavyomrudishia mtu mtoto aliyelala.

Mimi sikusikia nusu ya maneno yake. Nilikuwa nafikiria ile nukta moja ya mate. Jioni ile nilichukua mafuta ya nazi, nikachovya pamba, nikampaka Maria vazi zima. Likawaka. Si kama zamani, lakini liliwaka. Kesho yake niliomba ruhusa nikawahi nyumbani, nikakaa. Jua likapanda.

"Karudi!" Mama alipiga kelele hadi nikashtuka. "Karudi, huyo, huyo!" Alipiga makofi, alisimama, alianza wimbo wa Maria wa parokiani, ule wenye beti nyingi, akaumaliza wote. Jioni aliitaka dawa yake mwenyewe, akaniinulia uso kabla sijafungua chupa. Nililala usingizi mzito usiku ule nikijiona mwerevu.

Mafuta yalinywewa. Siku ya pili yalififia, siku ya tatu chaki ilirudi, na safari hii na vumbi limenata juu yake. Nilitaka kupaka tena. Mama akaniwahi.

"Acha, mwanangu," alisema, ingawa hakujua ninachoshika. "Nimeelewa. Jicho lilikuwa linaniaga. Limenionyesha mara ya mwisho, vizuri, limekwenda. Sikuombi kitu kingine. Na wewe sasa usinisumbue na matone yako."

Nilidhani ni maneno tu. Jioni nilipokwenda na chupa alifumba macho akageuza uso ukutani. Asubuhi vilevile. Nilibembeleza, nilifoka, nilimtaja daktari. Akasema daktari akija amtie yeye mwenyewe. Mama akishaamua, ameamua, na mimi kiburi hicho ninacho, kwa hiyo najua hakivunjwi kwa kelele.

Akaanza kujifunza upofu. Alihesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni, kwa sauti. Kanga zake alizifunga mafundo pembeni ili ajue ipi ya kanisani na ipi ya kulalia. Miwani yake aliiweka kwenye bahasha akasema nimpelekee mama mdogo Morogoro, macho yake bado yanaona. Kiti chake alikigeuza, mgongo dirishani. Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Na mimi nilikuwa najua kwamba jicho lile lilikuwa zima, yaani lilikuwa na kale katundu kake kama mwanzo, na kwamba kila siku isiyo na dawa linaondoka kweli. Nilikuwa nakwenda kazini nakata mbao, napima mara mbili, nakosea.

Siku ya Alhamisi mwenyekiti wa jumuiya alinipigia. Ni mama wa Kirundi, anakaa Campbelltown, anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mtu wa furaha asiyejua kuongea taratibu. Zamu inayofuata ilikuwa yake.

"Maman, muko tayari? Mimi nimebadilisha shift yangu kabisa, nimefanya salon yote safi, pale tutakaa kusali, watoto wamefurahi, vraiment, kweli kabisa. Maria iko muzuri?"

"Iko nzuri," nikasema.



Jumamosi tuliondoka baada ya chakula cha mchana. Picha nilikuwa nimeifunga kwa blanketi. Mama alivaa kanga ya kanisani juu ya koti, akanishika mkono kwenye ngazi kwa namna mpya, mzito, kama mtu ambaye hajitegemei tena. Treni ya kutoka Merrylands haifiki Campbelltown, inabidi mshuke Glenfield msubiri nyingine. Tuliketi kwenye benchi la jukwaa la stesheni, picha katikati ya magoti yangu. Kulikuwa na upepo baridi na jua kali. Watu walikuwa wachache. Ubao wa ratiba ulisema treni yetu ni dakika kumi na moja.

"Leo nitasimama niseme," Mama akaanza. "Nitawaomba wenzangu waniombee. Niwaambie safari ya macho imekwisha, na Mama Maria ndiye aliyenisindikiza. Nimeyapanga maneno. Unadhani yatakuwa marefu?"

Niliona jinsi itakavyokuwa. Mwenyekiti atafungua blanketi mbele ya watu wote, atapiga ukelele, na Mama atakuwa amesimama katikati ya sebule akimshukuru Maria wa chaki. 

"Mama," nikasema. "Jicho lako halijaenda popote."

Hakugeuka.

"Ni picha. Ile limau. Ganda halitakiwi kuguswa na limau, linaliwa. Vazi limekuwa jeupe, hata mimi silioni. Hakuna anayeweza kuliona. Siku ile liliporudi nilikuwa nimelipaka mafuta ya nazi." Nilikuwa naongea haraka, natazama reli. "Na sheria ya kitambaa kikavu niliwaambia wote. Wewe sikukuambia. Nilidhani kwa kuwa huoni hutagusa. Kosa ni langu."

Treni ya mizigo ilipita upande wa pili, ndefu, ikachukua muda wake wote. Mama alisubiri iishe.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mkesha."

Mkono wake ulikuja, ukanitafuta, ukapata bega, shingo, shavu. Akanizaba kofi. Halikuwa kubwa, lakini halikuwa la mzaha, na mtu mmoja aliyesimama na kahawa yake akageukia pembeni. Nilistahili makubwa kuliko hilo.

Halafu akashika blanketi. Aliipapasa picha juu ya blanketi, pembe hadi pembe, kama anayepapasa mtoto kuona ameumia wapi.  Nilijiandaa kwa kilio. Nilijiandaa kumwambia kwamba Maria ataelewa, kwamba ni picha tu, maneno hayo ya kipumbavu watu wanayosema.

"Mungu anisamehe," alisema. "Nimeharibu kitu cha watu, kitu kitakatifu, kimekaa miaka yote hiyo mpaka kikafika kwangu. Mungu anisamehe, mwanangu, nimefurahi." Akalia sasa, waziwazi, mdomo wazi. "Unasikia? Nimefurahi. Nimemfuta Mama Maria na mimi nimefurahi, kwa kuwa ni yeye, si mimi."

 Nilimshika tu.

Alipomaliza alijifuta kwa pembe ya kanga, akakaa wima.

"Huko nitasema mwenyewe," akasema. "Niliyoyafanya. Wewe usinitangulie na maelezo yako ya fundi. Dawa unayo?"

Nilikuwa nayo. Tangu alipoikataa nilikuwa naibeba kwenye mkoba kila niendako, sijui nikitegemea nini. Aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa jukwaa, akafumbua. Nikamfunua kope ya jicho la kulia kwa kidole, nikatia tone moja. Akapepesa, akameza mate. Nikaanza kufunga chupa.

"Na la kushoto," akasema.

"Mama, la kushoto daktari alisema—"

"Na la kushoto."

Treni ya Campbelltown ilikuwa inaingia. Nikamfunua kope, nikatia.